Haraka ya Taratibu

"Hivi mtu aliyeitwa Taratibu, alikuwa anawahi nini juu ya nguzo?"

Swali hilo aliliuliza jirani, yule fundi cherehani wa nyumba ya pili, asubuhi moja walipokuwa wanaanika nguo kwenye kamba moja. Hakuliuliza kwa ubaya. Alikuwa mwanamke wa kusema kila kinachomjia mdomoni, na shati alilokuwa analikung'uta lilikuwa bado linachuruzika maji. Mjane alikuwa na miezi minne tu tangu azike. Alichukua kibanio, akabana shuka upande mmoja, akabana na upande wa pili, ndipo akajibu, "Mungu ndiye anayejua, jirani." Akaingia ndani.

Lakini swali halikubaki nje kwenye kamba. Liliingia naye, likajitafutia pa kukaa, likaishi humo ndani miaka kumi na moja.

Mumewe alikuwa fundi wa taa za barabarani. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye cheti tu. Mji mzima ulimwita Taratibu, maana hakuna aliyewahi kumwona anakimbia, hata mvua ikimnyea. Chai aliinywa mpaka ikapoa. Ngazi aliipanda kama mtu anayehesabu vidato asije akadhulumiwa kimoja. Wenzake wa karakana walimtania kwamba Taratibu akitumwa kubadilisha taa, akirudi hata hiyo aliyoiweka imeshaungua. Naye hucheka, akawaambia, "Ungueni nyinyi. Mimi nitarudi mzima."

Kazi ile hufanywa na watu wawili. Mmoja hupanda, mwingine hubaki chini kwenye boksi la swichi. Wa chini huzima. Wa juu husubiri taa ipoe, hupanda, hufungua ile ya zamani, hufunga mpya, kisha hugonga nguzo kwa koleo mara tatu, na wa chini akisikia huwasha. Aliyekaa chini siku zote alikuwa rafiki wa Taratibu, tena wa kufa na kuzikana, na kwa jinsi alivyoganda na lile boksi watu walimbandika jina hilohilo, Boksi.

Ni Boksi aliyesimulia mbele ya wakubwa kilichotokea kwenye nguzo ya arobaini na moja, nyuma ya zahanati. Alisema alikuwa hajaigusa hata swichi, anashtuka mwenzake yuko juu. Alisema Taratibu aliishika tu ile taa mbovu, umeme ukampiga, taa ikamponyoka ikapasukia chini. Na kweli vioo vilikutwa chini ya nguzo. Taratibu mwenyewe hakuanguka. Mkanda ulimshika kiunoni, akabaki ananing'inia na mfuko wake wa turubai begani. Wakubwa wakaandika kwamba marehemu alikufa kwa haraka zake mwenyewe, wakapiga mhuri, wakaenda kula.

Kuanzia hapo maneno yakaota miguu. Karakana, kijana mpya akipanda ngazi vibaya, anaambiwa, "Wewe, acha haraka ya Taratibu." Maneno yakatoka getini. Siku moja mjane alikuwa dukani ananunua sabuni, akamsikia mbeba saruji akimfokea mwenzake, "Shusha polepole bwana, haraka ya Taratibu hiyo!" Wote wakacheka, na muuza duka naye akacheka huku anahesabu vipande vya sabuni. Hawakumjua mwanamke aliyesimama pale. Mjane alilipa, akashukuru, akaondoka. Njiani akagundua sabuni ameisahau, na hakurudi kuichukua.

Alikuwa mtu wa sala. Kila alfajiri alipiga magoti kando ya kitanda, na kila alfajiri, baada ya kumwombea mwanawe na wagonjwa na wafungwa, aliongeza lake moja: "Ewe Mungu, msamehe mume wangu haraka yake." Mwanawe alipokuwa mdogo, akimwaga maji au akijikwaa kwa kukimbia, alimshika sikio akamwambia, "Utakufa kama baba yako kwa haraka." Mtoto aliyameza, akakua nayo. Sasa ni mtu mzima, mtunza ghala mji mwingine, na akipiga simu huongea kwa kupima neno moja moja kama anatembea juu ya mayai.

Kukusanya kwake taa kulianza hivi. Taratibu aliacha chini ya kitanda taa kumi na tisa, zote za zebaki, zile kubwa zenye kioo cha tumbo pana, ambazo ndani yake mna kichupa chembamba chenye tone la zebaki. Wakati ule mji ulikuwa umeanza kuzing'oa na kuweka za kisasa, na yeye kila aina aliyoshusha aliomba abaki na moja. Mwanzo mkewe alizinung'unikia kwa sababu ya ufagio, hakuna pa kuupitisha. Baada ya mazishi alizitoa ili azifute vumbi, akakaa nazo sakafuni, na jua lilipozama alikuwa bado amekaa.

Kwenye kitako cha chuma cha kila taa mmechapwa namba za miezi kumi na mbili na namba za miaka, kuzunguka kama saa. Fundi akiipandisha, hukwaruza kwa msumari mwezi na mwaka wa kupanda. Akiishusha, hukwaruza mwezi na mwaka wa kushuka. Ndivyo karakana walivyojua taa ipi imedumu na ipi imewaibia. Wengi hukwaruza jioni wakisharudi, kwa kukumbukakumbuka. Taratibu hakukubali. Yeye alikwaruza palepale juu, amekaa kwenye mkanda wake, akaongeza na namba ya nguzo, halafu akachoma nukta moja ya msumari mwishoni, kama mtu anayeweka kituo cha sentensi.

Mjane alikuwa amesoma shule ya msingi tu, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri na wa kunyooka. Alinunua daftari, akachora mistari: namba, nguzo, kupanda, kushuka, aliyeishusha, maelezo. Akaziandika kumi na tisa zote. Alipomaliza aliona anataka nyingine. Akaanza kuzitafuta. Alizipata kwa wauza vyuma chakavu, kwenye kiwanda cha nyuzi kilichofungwa, kwenye uwanja wa shule, na moja kwa mfuga kuku aliyekuwa akipashia vifaranga joto na akastaajabu kuona mtu analilia balbu. Alizijua zenye kioo cheupe cha maziwa na zenye kioo kitupu, zenye shingo fupi, zenye kitako cha shaba ya zamani. Alijua kwamba kioo cha nje kikipasuka taa haiwashwi tena, maana mwanga wake unachoma macho kama mchanga wa moto. Zilifika sitini na mbili, kila moja imefungwa kitambaa, ndani ya masanduku yenye pumba za mbao.

"Wenzako wanafuga kuku," alisema yule fundi cherehani, "wewe unafuga taa. Hata mayai hazitagi!"

"Wala haziharishi, jirani," mjane akamjibu, na jirani akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha mteja.

Moja tu ndiyo hakuwahi kuifungua. Ile iliyotoka kwenye mfuko wa turubai siku ya msiba. Muuguzi alimkabidhi mfuko pamoja na viatu na mkanda, na ndani yake mlikuwa na koleo, msumari, na taa iliyoviringishwa kwenye leso ya Taratibu, ile ya mistari ya kijani aliyompigia pasi yeye mwenyewe asubuhi. Alijua ni taa mpya. Ile mbovu si ilipasukia chini ya nguzo? Basi hii ndiyo ambayo mumewe hakujaaliwa kuifunga. Hakutaka kuivua ile leso. Kwenye daftari, mstari wa ishirini, aliandika "mpya, haikupanda," akaruka.

Na Boksi? Boksi alikuja. Kila Alhamisi saa kumi, baada ya kazi, miaka kumi na moja. Ndiye aliyemfundisha kufunga waya kwenye choki, lile kopo zito la chuma linaloibana nguvu ya umeme isiipasue taa. Ndiye aliyemfundisha kwamba taa ya zebaki haina papara: ukiiwasha inachukua dakika tano kupata nuru yake, na ukiizima ingali moto haiwaki tena mpaka ipoe. Walikaa kwenye chumba cha nyuma, wakaziba dirisha kwa blanketi, wakawasha moja moja, wakanywa chai. Aliitwa shemeji, naye aliita shemeji. Siku hizi alikuwa mkubwa pale karakana, ndiye anayepokea wanaoanza kazi na kuwafundisha usalama.

Na mara kwa mara, akishamaliza kikombe cha pili, alisema, "Shemeji, ile mpya nipe mimi niitunze. Haijawahi kuwaka, zimebaki chache hizo." Mjane hujibu, "Hiyo tutazikwa nayo." Naye hucheka kidogo, akaangalia pembeni.

Wiki ile mwalimu wa umeme wa chuo cha ufundi alikuwa ameomba aje Jumamosi na wanafunzi wake kuziona. Aliomba jambo moja: kama ipo ambayo haijawahi kuwaka, wailinganishe na iliyochoka. Mjane alilala na ombi hilo siku mbili. Alhamisi asubuhi, baada ya sala, alisema moyoni kwamba miaka kumi na moja inatosha kwa leso moja. Akatoa ile taa, akaiweka mapajani, akafungua pindo la kwanza, la pili, la tatu.

Haikuwa mpya.

Kichupa cha ndani kilikuwa cheusi ncha zote mbili, kama sufuria ya kuni. Kioo kilikuwa na ukungu wa miaka. Akaigeuza kitako juu, akavaa miwani. Ilipanda mwezi wa pili, miaka sita kabla ya msiba. Ilishuka mwezi wa nane, mwezi na mwaka uleule wa msiba. Nguzo 41. Na mwishoni, nukta.

Alikaa hapo na miwani yake, akayapanga mambo moja moja kama anavyopanga vitambaa. Kama hii ndiyo mbovu, basi iliyopasuka chini ilikuwa mpya. Kama ya zamani iko kwenye mfuko, basi Taratibu aliifungua kwa mikono yake. Aliishika, akatafuta msumari, akakwaruza mwezi, akakwaruza mwaka, akaandika nguzo, akaweka nukta yake. Akaiviringisha kwenye leso, pindo tatu. Akaitia mfukoni, akatoa mpya. Muda wote huo mikono yake ilikuwa palepale, na umeme haukumgusa. Hivyo basi swichi ilikuwa imezimwa. Na kama ilikuwa imezimwa, kuna aliyeiwasha. Na kwenye boksi alikuwepo mtu mmoja tu.

Alitaka kupiga magoti, akashindwa. Angesema nini? Mara elfu ngapi amemwendea Mungu akimshitaki mumewe kwa kosa la mtu mwingine, tena kwa machozi? Alijiona kama mtu aliyekuwa akipeleka barua mbaya kila siku bila kuisoma. Halafu akamkumbuka mwanawe, lile sikio dogo alilolishika.

Saa kumi ilipofika, chai ilikuwa tayari. Taa ilikuwa imeshafungwa kwenye holda, kishikio chake, juu ya meza, waya zote mahali pake.

"Hodi wenye nuru!" Boksi aliita mlangoni, akivua kofia. "Leo umeweka sukari, au unanipunja kama wiki jana?"

"Karibu, shemeji. Sukari iko mezani, jipimie mwenyewe."

"Mh! Leo nimepewa uhuru wa kujipimia. Kuna nini?" Akaketi kwenye kiti chake cha siku zote, akachota vijiko vitatu, akakoroga. "Tunawasha ipi?"

"Ile uliyokuwa unaitaka."

Kijiko kilisimama ndani ya kikombe. "Ile mpya? Si ulisema mtazikwa nayo?"

"Nimebadili mawazo." Akabonyeza swichi. Choki ikaanza kunguruma, mlio kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa, na kichupa cha ndani kikashika rangi ya zambarau, hafifu. "Hebu nisimulie siku ile, shemeji, wakati inapata nguvu."

"Ah, shemeji. Tena?"

"Tena. Nizeeke nikiikumbuka vizuri."

Boksi akakohoa, akaisimulia. Aliisimulia kama ilivyokuwa siku zote, neno kwa neno, hata mahali pa kutikisa kichwa hakupakosa. Sijaigusa hata swichi. Nashtuka yuko juu. Nikamwita, Taratibu! Kumbe mwenzangu ameshaishika. Mjane alikuwa hamtazami. Alikuwa anaitazama taa. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya tano ilifika, na taa ilikuwa imefika mwisho wa nguvu zake, nao ulikuwa mwanga mdogo, wa kijani uliochoka, kama maji ya bwawa. Midomo ya Boksi ikaonekana myeusi. Kilemba chekundu cha mjane kikawa rangi ya udongo.

Boksi aliacha kusimulia katikati ya neno. Mtu aliyefanya kazi na taa hizi nusu ya umri wake hahitaji kuambiwa.

"Vipi shemeji," mjane aliuliza, "taa mpya mbona imechoka?"

"Labda... imekaa sana kwenye sanduku."

"Taa haizeeki ikiwa kwenye kitambaa. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Akazima. Chumba kikawa na giza la blanketi, na kamstari ka jua kalikopenya pembeni. "Tusubiri ipoe, tusome kitako. Nataka nijaze ule mstari wa ishirini."

Boksi akaweka kikombe chini, akainuka nusu. "Shemeji, ngoja mimi niwahi. Nyumbani nimeacha mtu hajisikii vizuri."

"Kaa. Taratibu alikuwa anasubiri zipoe."

Akakaa. Nje cherehani ya jirani ilikwenda, ikasimama, ikaenda. Kioo cha taa kilikuwa kinalia tik, tik, kinavyolia kikipoa. Hakuna aliyegusa chai.

"Umeshaisoma," Boksi alisema mwishowe. Sauti ilitoka chini kabisa.

"Asubuhi."

Akajifuta uso kwa kofia. "Nilikuwa nimezunguka upande wa pili wa ukuta wa zahanati," akasema. "Jua lilikuwa kali, boksi liko kwenye kona, ukiwa kivulini mkono unalifikia. Nguzo sikuiona. Nilizima, shemeji, naapa nilizima. Nikasubiri. Nikasikia koleo. Ko, ko, ko. Nikapandisha swichi."

"Alikuwa amemaliza?"

"Holda ilikuwa na kutu. Alikuwa anaigongagonga ifunguke, mpya ipate kuingia." Akaishika kofia kwa mikono miwili. "Nilishapandisha ndipo nikasikia ya nne. Ya nne niliisikia, shemeji. Ya tano sikuisikia."

Mjane aliinamisha kichwa. Kwa muda alikuwa pale chini ya nguzo, akisikia ko ya nne. Alipoinua uso hakuwa na machozi.

"Hilo," akasema, "ungeniambia siku ileile ya msiba, ningekusamehe kabla maji ya kuoshea hayajapoa. Mtu anakosea. Kwa nini hukusema?"

"Ningefukuzwa. Nilipaswa kusimama mahali ninapoiona ngazi. Nilikuwa na watoto wanne, shemeji, mdogo hajatambaa."

"Mimi nilikuwa na mmoja. Nimemlea kwa kumwambia asifanane na baba yake."

Mjane akasogeza kikombe cha Boksi pembeni.

"Na ile haraka ya Taratibu, nani aliianzisha?"

"Ni maneno ya karakana tu, shemeji. Watu wanatania."

"Unaowapokea wakianza kazi, siku ya kwanza unawasimulia nini?"

Boksi akaizungusha kofia magotini.

"Nakuuliza, shemeji. Unawasimulia nini?"

"Nawasimulia ili wasife," Boksi akasema kwa ukali kidogo, kama mtu aliyekanyagwa. "Kuna waliookoka kwa simulizi ile!"

"Wangeokoka pia kwa ile ya kweli. Ungewaambia, ukiwa chini usiende kutafuta kivuli."

Aliunyoosha mkono, akagusa kioo kwa nyuma ya vidole. Kilikuwa kimepoa. "Ifungue, uisome. Mimi macho yangu ni ya shule ya msingi."

Boksi akaifungua, akaigeuza, akaisogeza kwenye kale kamstari ka jua. Akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya waliokosa. Mwezi wa pili. Mwezi wa nane. Nguzo arobaini na moja. Mjane akasukuma daftari mbele yake, likiwa wazi, na kalamu juu yake. "Futa pale nilipoandika mpya. Andika wewe."

Akafuta. Akaandika. Kupanda, kushuka, nguzo. Kwenye nafasi ya aliyeishusha akaandika Taratibu, kwa herufi kubwa, mkono ukienda taratibu kweli.

"Imebaki ya maelezo," mjane akasema. "Andika aliyepandisha swichi."

Kalamu ilielea juu ya karatasi. Halafu ikalala mezani.

"Siwezi, shemeji."

"Mkono unaweza. Ndio uliokuwa unakorogea chai yangu."

"Nimebakiza miezi mitatu nistaafu. Wameshachanga, wanataka kuniaga kwa heshima, watoto wangu wote wanakuja. Nikisema sasa nitakuwa nani?" Akasogea, akashika ukingo wa meza. "Miaka kumi na moja. Taratibu ameshapumzika. Ataongezewa nini?"

"Jina lake."

"Nisamehe, shemeji. Kwa ajili ya Mungu, wewe ni mtu wa Mungu, kila mtu anajua."

"Mungu usimweke mbele yako kama mwavuli," mjane akasema. Hakupandisha sauti. "Nimemsumbua kila alfajiri kwa uongo wako. Leo nimeshindwa kupiga magoti kwa aibu. Mimi na Yeye tutaongea. Wewe, kule karakana wanarudisha ngazi saa hizi, msimamizi yupo na vijana wote wapo. Nenda ukaongee nao."

Boksi aliitazama taa iliyokuwa mkononi mwake. Akaipangusa vumbi kwa kidole gumba, polepole, na alipozungumza tena sauti ilikuwa laini, ya Alhamisi zote zilizopita.

"Basi tufanye hivi. Hii niachie mimi. Nitaitunza vizuri kuliko mtu yeyote. Wewe umeshajua ukweli, mimi nimeshasema, moyo wako umetulia. Hakuna haja ya watu. Nitaendelea kuja, tutaendelea kuwasha zetu kama kawaida. Nani mwingine wa kukufungia waya, shemeji? Eh? Nani?"

Mjane alimtazama. Aliona sasa zile Alhamisi zote zilivyokuwa, mia tano na zaidi, kila moja na kikombe chake cha pili.

Akachukua taa mkononi mwake, naye Boksi akaiachia. Akaiviringisha kwenye leso ya mistari ya kijani, pindo la kwanza, la pili, la tatu. Akaenda kwenye msumari nyuma ya mlango, akatungua mfuko wa turubai, akaitia humo, akauvaa begani. Akafunga daftari, akalibana kwapani. Akakaza kilemba. Akavaa viatu, mguu mmoja, kisha mwingine, akafunga kamba.

"Shemeji, unakwenda wapi?" Boksi alikuwa amesimama, kofia mkononi, blanketi la dirishani nyuma yake. "Shemeji? Ngoja basi tuongee. Mbona hivyo? Una haraka gani?"

Mkono wake ulikuwa kwenye komeo. Aligeuza kichwa, akamtazama mara moja, kisha akafungua mlango. Akashuka ngazi za kibarazani moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu vidato, akashika njia ya karakana bila neno jingine.